Kicheni Pati Hawakukufundisha Hili!

Dada, vuta kumbukumbu ya kicheni pati yako. Ukumbi umepambwa ukapambika, MC anachombeza, akina mama wamevaa sare ya kitenge, zawadi zinaingia kwa kucheza: seti ya sufuria, hotipoti, brenda, jiko la gesi, na friji kama Mungu alikujalia mashangazi wenye uwezo. Somo akakuweka chini akakupa yote: namna ya kumpokea mume akirudi kazini, namna ya kuishi na mawifi, na yale mengine ya chumbani. Sasa niambie ukweli, kuna hata mmoja aliyesimama akasema, "Mwanangu, mtoto akimwagikiwa na chai fanya hivi"? Thubutu! Mtungi wa gesi ulikabidhiwa ukiwa na utepe mwekundu, vigelegele vikapigwa, mchezo ukaisha.

Na wewe kaka, siku hiyo hata hukualikwa. Kuanzia hapo jiko likawa la mwenzio, wewe ukabaki wa kuuliza, "Chakula tayari?"

Hapo ndipo penye kasoro. Ajali nyingi za jikoni hazisababishwi na mpishi asiyejua kupika. Zinatokea kwa sababu moto uko chini, mtoto yuko karibu, na mtu mzima aliyepo ni mmoja tu, tena mikono yake yote miwili ina kazi. Ukiliangalia jambo hili hivyo, utaona usalama wa jikoni ni wa wawili, kama ilivyo kodi ya nyumba.

Mkienda kwa bibi, Busi

Tuchukue wanandoa wa kawaida wa Dodoma ya siku hizi. Tangu serikali ihamie huko na mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, vijana wa maofisini wamejaa. Tuseme baba mtu kwao ni Busi, wilaya ya Kondoa, kwa Warangi. Idd ikikaribia wanafunga mizigo: kama kilomita 160 za lami hadi Kondoa mjini kwa barabara ile iendayo Babati, kisha wanaiacha lami na kula vumbi mpaka nyumbani. Wamebeba sukari, mchele, doti mbili za khanga, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye bibi yake anamsubiri kwa hamu kama watu wa kule wanavyosubiri mvua ya Desemba.

Mtoto huyu amezaliwa mjini. Moto anaoujua yeye uko juu ya meza, haufikii. Kwa bibi moto uko sakafuni. Mafiga matatu, kuni zimetokeza nje kama miguu ya mtu aliyekaa, chungu cha maharage kinatokota tangu asubuhi, birika jeusi limewekwa kando. Kila chenye moto kiko kwenye usawa wa macho na mikono yake. Akijikwaa, anaangukia humohumo. Watoto wa pale wanaanza kuambiwa "moto!" tangu wanatambaa, na bado wapo wanaoungua. Wa kwenu hajawahi hata kuambiwa.

Kuna kitu kingine ambacho watu wa mjini huwa tunakisahau: jivu. Jivu la asubuhi likizolewa na kumwagwa nje linaonekana limelala, jeupe, limepoa. Ndani yake makaa yako hai. Mtoto anapita peku, anakanyaga. Waulizeni wauguzi wa vijijini kuhusu nyayo zilizoungua, watawaambia. Jivu limwagiwe maji kabla ya kutupwa, na litupwe shimoni, siyo njiani.

Msidhani nawatisha bure. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 180,000 hufa kila mwaka kwa kuungua, na wengi wao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani sisi. Madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2011 utafiti kuhusu watoto 342 waliotibiwa hospitalini hapo kwa majeraha ya moto. Unadhani wengi waliunguzwa na nini? Si nyumba iliyoshika moto, wala umeme. Ni vitu vya majimaji vilivyochemka, tena nyumbani kwao. Maji, chai, uji. Vitu tunavyovipika kila siku huku tukipiga soga.

Sasa mfanye nini, mkalale gesti? Hapana, bibi atanuna mwaka mzima. Kuna njia mbili na zote zinamhusu baba zaidi. Ya kwanza ni kizuizi mlangoni: mbao mbili au miti iliyofungwa kwa kamba, ifike kifuani kwa mtoto, mtu mzima aivuke. Kazi ya saa moja. Ya pili ni zawadi. Badala ya khanga za tatu na nne, mtafute fundi wa hapohapo kijijini amjengee mama jiko la matofali na udongo lililoinuliwa hadi kiunoni. Udongo upo, matofali yanafyatuliwa hapohapo. Mama anapika amesimama, mgongo unapona, moto unakuwa mbali na mtoto, na jiko likijengwa vizuri hata kuni na moshi vinapungua. Mwana wa kiume aliyemjengea mama yake jiko atasifiwa Busi nzima, nawaambieni.

Na kama katika familia kuna ndugu mwenye kifafa, asiachwe peke yake na moto wa chini, hata dakika tano. Degedege likimkuta hapo anaangukia kwenye makaa na hana fahamu za kujitoa. Bado wapo wanaoogopa kumvuta kwa kudhani kifafa huambukizwa kwa mate au kwa kumgusa mgonjwa. Jamani! Kifafa hakiambukizi. Mvute kwanza, laza ubavu.

Sufuria yetu haina mkono

Ukisoma magazeti ya Ulaya kuhusu usalama wa jikoni, ushauri wa kwanza ni kwamba geuza mkono wa sufuria uelekee ukutani. Mkono gani? Sufuria zetu nyingi zina ukingo tu. Tunaziepua kwa pindo la khanga, tena hiyohiyo tuliyojifunga. Pindo linachovya kwenye moto bila wewe kuona, au kitambaa kimelowa, na kitambaa kilicholowa kinapitisha joto upesi mpaka unaiachia sufuria ya maharage katikati ya safari. Tafuta vishikio viwili vinene, vikavu, vinavyokaa msumarini jikoni na havina kazi nyingine.

Ugali nao una yake. Unga ukiingia, mwiko unataka nguvu, na sufuria inataka kuzunguka. Mikono miwili haitoshi: mmoja usonge, mwingine ushike. Kwenye mafiga mazito mambo ni afadhali. Balaa liko mjini, kwenye ule mtungi wa kilo 6 ambao jiko lake limekaa juu yake. Ni mrefu, mwembamba, kitako chake kidogo, halafu unausongea ugali wa watu sita! Mimi naona jiko la namna ile ni la chai na mayai. Kama ndilo mlilonalo, tafuteni kibao au fremu ya chuma ya kuushika mtungi usiyumbe, na ugali mkubwa usongwe chini ya usimamizi wa watu wawili. Tena uji wa ugali ukirukia mkono haudondoki kama maji. Unang'ang'ania ngozi na joto lake lote.

Mavazi je? Madera ni mazuri, siyakatai, na hata mimi ninayo. Ila mengi siku hizi ni ya kitambaa cha nailoni au poliesta. Pamba ikishika moto inakuwa jivu. Nailoni inayeyuka na kugandia mwilini. Jikoni vaa khanga ya pamba au gauni lisilo na mikono ya kupepea. Na nywele bandia ndefu zifungwe nyuma, bibi harusi.

Chumba na sebule

Turudi mjini, maana wengi wetu tunaanza maisha kwenye chumba na sebule. Jiko ni kona ya sebule au korido mnayoshirikiana na wapangaji wenzenu. Na ukweli wa nyumba zetu ni kwamba gesi haijalifukuza jiko la mkaa. Gesi ni ya chai na kupasha moto, mkaa ni wa maharage na makande. Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, na mitungi ya kilo 6 imeuzwa kwa ruzuku kupitia REA hadi vijijini. Jambo jema kabisa. Lakini mtungi unapoingia nyumba ambayo jiko la mkaa bado liko sakafuni, kuna somo ambalo lazima liende pamoja nao.

Somo lenyewe ni hili: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatokea dirishani. Inashuka, inatambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, inajaa chini ya kochi na chini ya kitanda. Na jiko la mkaa likiwa limekaa wapi? Sakafuni. Hivyo viwili visikutane chumba kimoja, hata siku moja. Kama mnapika vyote, mkaa uwe nje.

Ile harufu kali ya gesi imewekwa kiwandani makusudi, kwa sababu gesi yenyewe hainuki. Ni kengele hiyo. Ukirudi kutoka kazini ukaisikia, usiwashe taa. Usizime iliyowaka pia, maana swichi hutoa cheche ikiwashwa na ikizimwa. Simu iache. Fungua mlango na madirisha, funga mtungi, toka nje na watu wote, ndipo upige simu. Siku za kawaida, ukibadilisha mtungi au ukiushuku mpira, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu yanayokua, panavuja. Wapo wanaopima kwa njiti ya kiberiti, eti waone kama itawaka. Itawaka.

Wanaotumia jiko la mchina bado wapo, na kwao nasema mawili tu. Usiongeze mafuta jiko likiwa linawaka au la moto. Na mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda, kwa sababu mtoto anaijua chupa ya soda. Akishakunywa, msimtapishe na msimkimbilize maziwa. Yale mafuta yakirudi yanaingia kwenye mapafu na huko ndiko yanakoua. Mpelekeni hospitali moja kwa moja na chupa mkononi.

Mafuta ya kukaangia yakishika moto kwenye karai, mkono wa kila mtu unakimbilia maji. Usithubutu. Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke unahitaji nafasi kama mara 1,700 ya ile ya maji. Kinachotokea ni mafuta yanayowaka kurushwa hadi darini, na usoni kwako. Zima gesi, funika karai kwa mfuniko au sinia, liache hapohapo hadi lipoe. Usilibebe kukimbia nalo nje, pazia liko njiani.

Visu sina mengi: kisu butu kinakata kidole kuliko chenye makali, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu. Hita ya maji ya ndoo isikae sakafuni mtoto akiwa macho, na uichomoe kwenye umeme kabla ya kutia mkono kwenye maji. Chupa ya chai ikae katikati ya meza, na kitambaa cha meza kinachoning'inia kitolewe kabisa, uzuri wake haufikii thamani ya uso wa mtoto.

Joto la Julai

Dodoma na Kondoa mwezi wa Juni na Julai zina baridi, hasa usiku, na kuna wapenzi wanaolipeleka jiko la mkaa chumbani baada ya kupika "lipashe chumba kidogo". Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu hautoi moshi, kwa hiyo mtu anaona ni salama. Unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, usingizi unakuwa mzito, basi. Majirani wanavunja mlango saa nne asubuhi. Kufunika makaa kwa jivu hakusaidii. Nunueni blanketi la pili.

Dakika 20 za mama mkwe

Haya, pamoja na yote hayo, mtoto amevuta kikombe cha chai na amemwagikiwa. Hapa ndipo ndoa inapopimwa.

Kinachotakiwa ni maji. Maji ya kawaida, baridi lakini si ya barafu, yamwagike juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20 nzima. Ngozi ni kama ugali ulioepuliwa: juu unaona umepoa, ndani bado unaendelea kuiva. Maji ndiyo yanayolitoa lile joto. Barafu inaidhuru ngozi upya, usiitumie. Vueni nguo iliyolowa chai na bangili au shanga kabla mwili haujavimba, lakini nguo iliyogandia ngozini iacheni. Sehemu nyingine ya mwili ifunikwe mtoto asipate baridi. Hata kama saa mbili zimepita, maji bado yana faida. Ukomo wake ni kama saa tatu.

"Busi hatuna bomba la kufungulia dakika 20," utasema. Ndoo moja ya lita 20 inatosha. Chota kwa kopo, mwaga taratibu lita moja kwa dakika, beseni likinge chini.

Lakini kabla hujafika kwenye ndoo, bibi ameshatoka chumbani na asali. Shangazi ana yai. Jirani anapendekeza dawa ya meno, mwingine unga, mwingine ametuma mtu akatafute manyoya ya sungura. Wote wanampenda mtoto, na wote wamekulia kwenye dawa hizo. Hakuna kati yake inayotoa joto. Zinalifungia ndani, zinaleta uchafu kwenye kidonda, na daktari atalazimika kuzikwangua mtoto akilia. Utamwambiaje mama mkwe, mbele ya watu, kwamba asali yake haifai?

Humwambii hivyo. Unasema, "Mama, naomba tummwagie maji kwanza, dawa itafuata." Sentensi hiyo ina heshima, haimpingi mtu, na inakununulia zile dakika 20. Na tena, kwa maoni yangu, aiseme mwana, siyo mkwe. Mke akiisema, itakuwa "mkwe wa mjini anajifanya anajua". Mume akiisema, mama atachota maji mwenyewe. Kubalianeni mkiwa bado kwenye gari, kabla hamjafika.

Baada ya maji, funika kidonda kwa kitambaa safi kisicho na manyoya, usipasue malengelenge. Hospitali ni lazima kama aliyeungua ni mtoto mdogo, au kama ni usoni, mikononi, miguuni, kwenye maungio au sehemu za siri, au kama jeraha limezidi ukubwa wa kiganja chake mwenyewe pamoja na vidole. Kiganja hicho ni kama asilimia moja ya mwili wake. Moto wa umeme, hata kidonda kikiwa kidogo kama tundu la sindano, ni hospitali.

Baba, simama hapa

Sikuombi uchukue mwiko, ingawa ukiuchukua sitakukataza. Nakuomba uwe mtu mzima wa pili. Saa ya kusonga ugali na saa ya kumimina chai, mtoto awe mikononi mwako au mbele ya macho yako, na simu iwe mfukoni. Saa hizo mbili kwa siku hazifiki hata nusu saa ukizijumlisha, na ndizo zenye hatari kuliko zote. Dada wa kazi naye umfundishe yote haya kwa upole, kwa sababu yeye ndiye anayebaki na mtoto na jiko kwa wakati mmoja, saa kumi za siku, wakati ninyi mko ofisini. Mara nyingi naye bado ni mtoto wa watu aliyetoka kijijini, hajawahi kuona regulata ya gesi.

Mtungi kuubadilisha na kuupima kwa povu iwe kazi yako, ukirudi nyumbani, kabla hujawasha televisheni. Namba ya Zimamoto ni 114, iandike kwa kalamu nene nyuma ya mlango wa jiko, na chini yake maelezo ya nyumba yenu ilipo, maana mtu akibabaika hata mtaa wake anausahau. Mkiwa Busi, gari la zimamoto lina safari ndefu, kwa hiyo kitakachowaokoa ni ndoo ya maji na ndoo ya mchanga mlangoni, na namba ya mwenye gari au bodaboda anayeweza kuwafikisha Kondoa usiku. Iulizeni siku ya kwanza mnapofika, mnaposalimia majirani. Kadi ya bima na kadi ya kliniki ya mtoto zisibaki Dodoma. Na khanga moja ya pamba, iliyofuliwa na kupigwa pasi, iwe juu kabisa kwenye begi lake.